Jani la Isale Nyuma ya Redio

Mwezi uliopita niliketi kwenye kibanda cha mafundi wa simu pale mjini Moshi, nikisubiri kijana mmoja anitengenezee simu yangu iliyokataa kuchaji. Akagusisha ncha ya moto kwenye kipande cha risasi ya kuchomelea, risasi ikayeyuka, na uzi mwembamba wa moshi ukapanda kati yetu. Ile harufu ilinishika kooni. Ni harufu kali yenye utamu kidogo, kama sukari iliyoungua kwenye chuma. Nikafumba macho.

"Mama, unajisikia vibaya?" kijana akaniuliza.

"Hapana mwanangu. Nimekumbuka Njoro."

Akacheka. "Njoro si hapo tu, mama. Bodaboda inakufikisha sasa hivi."

Kweli ni hapo tu. Lakini Njoro niliyoikumbuka mimi haifikiki kwa bodaboda. Niliporudi nyumbani nikamshukuru Mungu kwa harufu ile, maana watu wote waliokuwamo ndani yake wamekwisha kulala, na sina picha yao hata moja wakiwa pamoja.

Wenzangu mliokulia mlimani mtakumbuka miaka ile ya ruksa, bidhaa zilipoanza kuingia. Ghafla sabuni zikawa na rangi, viatu vikawa na taa kisiginoni, na pale Himo, njia panda, mtu aliweza kununua karibu kila kitu kwenye baraza la duka. Baba yangu alikuwa na pikapu kuukuu alilobebea ndizi kutoka kwetu mlimani hadi sokoni. Lilikuwa na umri mkubwa kuliko mimi. Siti ilikuwa moja ndefu, imefunikwa gunia la kahawa lililofuliwa, na harufu yake ilikuwa ya dizeli, maganda ya ndizi na maziwa yaliyomwagika zamani. Bibi, mama yake Baba, alikaa dirishani. Mimi nilikaa katikati.

Nafasi ile ya katikati niliipata kwa kazi. Bibi alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, na kila mwezi Baba alimpeleka hospitali mjini. Kazi yangu ilikuwa kumwonea njia. "Mae," angeniambia, kwa jina lile la heshima wanaloitwa wanawake wa kwetu, ingawa nilikuwa bado nang'oka meno ya utotoni, "tumefika wapi?" Nami ningemtajia: daraja, kanisa, mama anayeuza parachichi, ng'ombe amelala barabarani. Nilijifunza kutazama kwa ajili ya mtu mwingine kabla sijajifunza kusoma vizuri.

Bibi alikuwa ameimba kwaya ya usharika maisha yake yote, sauti ya pili. Macho yalipofifia hakuweza tena kusoma kitabu cha nyimbo, na kwaya ilipojifunza nyimbo mpya yeye alibaki na za zamani. Hilo lilimuuma kuliko kutoona njia. Ndipo Baba akaleta jambo ambalo halikuwahi kuonekana kwenye kihamba chetu, shamba la ukoo lenye nyumba na makaburi yetu: akanunua Himo redio ya gari, ile yenye kula kaseti, iliyotumika ng'ambo na kufika kwetu ikiwa bado inang'aa. Akapata na kaseti ya kwaya yetu. Alitaka mama yake ajifunze nyimbo mpya njiani, kwenda na kurudi hospitali.

Sasa lazima niseme habari ya Baba Mdogo, maana bila yeye redio hii haieleweki.

Baba Mdogo, mdogo wake Baba wa tumbo moja, alikuwa fundi umeme wa magari. Karakana yake ilikuwa Njoro, banda la mabati lenye sakafu nyeusi ya oili. Kila waya uliokuwa kwenye pikapu la Baba ulikuwa umepita mikononi mwake. Nilikuwa nimemwona mara nyingi amelala chali chini ya dashibodi, miguu imetokeza nje, akiongea na gari polepole kama Mama alivyoongea na ng'ombe wakati wa kukamua. "Tulia. Tulia mama, namaliza." Jumamosi alipanda kuja nyumbani na mkate umefungwa kwenye gazeti, na jioni yeye na Baba waliimba, Baba sauti ya tena, yeye besi, Bibi akiwa katikati yao na sauti yake ya pili.

Kisha bei ya kahawa ikaanguka mpaka wazee wakawa wanaichuma kwa heshima tu. Baba akatafakari, akachukua jembe, akang'oa mistari ya kahawa ya upande wa juu wa kihamba na kupanda migomba ya ndizi za kuuza. Kahawa ile ilikuwa imepandwa na Babu. Hakumwambia mdogo wake.

Jumamosi iliyofuata Baba Mdogo akaja na mkate wake. Akasimama ukingoni, akatazama yale mashimo mekundu.

"Kaka," akasema, "mzee yuko wapi?"

"Mzee yuko pale kaburini," Baba akajibu. "Kahawa haikuwa mzee."

"Kwangu mimi ilikuwa."

Akauweka mkate juu ya jiwe, akageuka, akateremka bila kuonja mtori, supu yetu ya ndizi na nyama, uliokuwa tayari mezani. Hakupanda tena. Krismasi ikaja, watu wakarudi kutoka Dar na Arusha na kila mahali, kila nyumba ikachinja. Kwetu kila mtu ana sehemu yake katika mnyama, na haipewi mtu mwingine. Sehemu ya Baba Mdogo Bibi aliitundika juu ya moshi wa jiko. "Ni nyama ya msafiri," akasema, na hakuna aliyethubutu kuigusa. Pasaka ilipofika ilikuwa nyeusi na ngumu kama ngozi ya kiatu, bado inaning'inia. Nilikuwa nikila chini yake kila siku, na kila siku niliitazama.

Kwa hiyo Baba aliponunua redio hakuipeleka Njoro. Aliifungisha pale pale Himo kwa fundi wa barazani. Nilikuwepo. Gari likiwa limezimwa, kwaya ilitoka safi kabisa kwenye spika mbili mpya, mpaka Bibi akashika kifua. Lakini Baba alipowasha injini, chini ya wimbo ikaingia sauti nyingine, nyembamba, kama mbu aliyejifungia sikioni.

"Hiyo ni nini?" Baba akauliza.

"Mpya hiyo, mzee," fundi akasema, akifunga mkoba wake. "Itazoea."

Tukaanza kupanda kwenda nyumbani. Baba alipokanyaga mafuta, ile sauti ilipanda. Alipobadilisha gia, ilishuka, ikajivuta, ikapanda tena. Kwenye mwinuko mkali, gari likilemewa, ilifunika kwaya nzima. Bibi alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Kwaya ina sauti nne," akasema mwishowe. "Hii ya tano ni ya nani?"

Mimi ndiye niliyelibeba swali lile. Neno la fundi lilikuwa limeniingia: itazoea. Nilijua kitu kinachohitaji kuzoea. Mama alipokwenda kwenye msiba wa dada yake, ng'ombe wetu alikataa mikono ya kila mtu, akawa anaguna zizini usiku na mchana, na hakutoa maziwa mpaka Mama aliporudi. Nikaona jambo wazi kabisa. Gari lilikuwa limezoea mikono ya Baba Mdogo. Sasa mikono ya mtu baki imeingia tumboni mwake, na mwenye mikono linayoijua amekosewa na hapandi tena mlimani. Gari lilikuwa limeumia kwa ajili yake. Na lililemewa zaidi kwenye mwinuko kwa sababu ndiko nyumbani, ndiko mambo yalikotokea.

Msinicheke. Mtoto hukusanya vipande alivyonavyo na kujenga nyumba, na mara nyingine nyumba inasimama.

Dawa ya jambo kama lile niliijua pia. Mnaoijua isale hamna haja ya kuambiwa, lakini wajukuu zetu siku hizi wanaiona kama ua la kuzungushia tu. Ni ule mmea wa majani marefu unaopandwa mpakani na kwenye makaburi yetu. Mtu akikosa, na kosa likiwa kubwa kuliko maneno, hufunga fundo kwenye jani la isale na kumpelekea aliyemkosea. Aliyekosewa hawezi kulikataa. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimeona jirani akimletea jirani jani hilo kwa ajili ya ugomvi wa maji ya mfereji, wanaume wawili wazima wakasimama uani wakilia. Nilimuuliza Bibi, ambaye hakukosa ibada hata mvua inyeshe namna gani, kama jambo hilo ni la kanisani au la zamani. Alifikiri kidogo. "Mungu ndiye aliyeiotesha," akasema. "Watu walichofanya ni kufunga fundo tu."

Basi mchana mmoja, Baba akiwa shambani, nilikata jani la isale karibu na kaburi la Babu. Nililifunga fundo moja, kwa nguvu, kwa meno. Nikapanda kwenye pikapu, nikalala chali chini ya dashibodi kama Baba Mdogo. Nyuma ya redio nyaya zilining'inia kama mizizi ya mgomba ulioanguka. Nikalizungusha jani kwenye zile nyaya, nikalibana. Kisha nikanong'ona kwa Kichagga, maana gari lile liliishi kwetu kabla yangu na sikuona kwa nini lisijue lugha: "Baba amekosa. Msamehe."

Safari iliyofuata nilikaa katikati, mikono imebanwa kati ya magoti, nikisubiri. Baba akawasha injini. Sauti ya tano ilikuwa pale pale.

Sijui kama ninaweza kueleza huzuni ile. Isale haikataliwi, ndivyo nilivyofundishwa. Kama gari limeikataa, basi ama kosa la Baba halina msamaha, ama mimi nimeiharibu isale kwa kuwa mtoto. Wiki zile niliacha kuitazama ile nyama juu ya jiko. Mama aliniwekea mkono kwenye paji la uso mara mbili akitafuta homa.

Desemba ikafika tena. Siku moja tukateremka asubuhi, mvua ikinyesha mlimani kote, tukafika mjini kukavu. Daktari alimwambia Bibi kwamba baada ya Krismasi watalifungua jicho moja. Alitoka pale ameshika mkono wangu kwa nguvu kuliko kawaida. Tulipokaa garini, Baba akaweka kaseti ili kumtuliza, akawasha injini, na mbu yule akaingia kati ya waimbaji.

"Geuza gari," Bibi akasema. "Tupitie Njoro."

"Mama, tutachelewa. Mvua ya huko juu..."

"Sauti ya tano imenichosha."

"Nitatafuta fundi. Mji huu una mafundi wengi."

"Mafundi ni wengi," Bibi akasema. "Watoto niliozaa ni wawili."

Baba alishika usukani bila kusogea. Gari lilikuwa linanguruma, kwaya inaimba, mbu analia. Kisha akageuza.

Njiani alisema mara moja tu, akitazama mbele: "Naenda kama mteja. Tuelewane hilo." Bibi alikuwa anatabasamu kwa upande wa dirishani, mahali ambapo alidhani mimi sioni.

Baba Mdogo alikuwa amechutama mbele ya betri, akichomelea waya. Moshi wa risasi ulikuwa unapanda usoni mwake, na ndiyo harufu ile. Alipoliona pikapu alisimama taratibu, akafuta mikono kwa kitambaa, akaenda moja kwa moja upande wa Bibi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Umekonda."

"Hunioni, mama, umejuaje nimekonda?"

"Nasikia shati linavyokupwaya."

Akacheka kidogo, akanipapasa kichwa nilipomwamkia, kisha uso ukarudi kuwa wa kazi. Akamtazama kaka yake. "Shikamoo," akasema, kwa sababu hata katika ugomvi kaka ni kaka. "Shida ni nini?"

"Kuna kelele kwenye redio."

"Ulifungia wapi?"

"Himo."

"Himo," Baba Mdogo akarudia, kama mtu anayetaja ugonjwa. "Washa."

Baba akawasha. Mbu akaingia.

"Kanyaga mafuta. Achia. Kanyaga tena." Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa upande, vile vile kama mama yake. Akachomoa waya wa antena nyuma ya redio, sauti ikabaki. "Si ya angani hii," akasema kwa sauti ya chini, kama kwa nafsi yake. "Iko ndani ya nyumba. Zima."

Akalala chali, akaingiza kichwa chini ya dashibodi. Nilihamia dirishani kwa Bibi na kumshika mkono. Miguu ya Baba Mdogo ilitokeza mlangoni, kiatu kimoja kikitingishika kama kawaida yake akifanya kazi. Tulimsikia akiguna. "Nani huyu aliyeingia humu? Kaacha nyaya kama matumbo ya kuku." Kiatu kiliendelea kutingishika. Kisha kikasimama.

Kilisimama muda mrefu.

Akajivuta nje taratibu, akasimama. Mkononi alikuwa ameshika jani langu. Lilikuwa limekauka, rangi ya kahawia, lakini fundo lilikuwa bado limekaza.

"Kaka," akasema. Sauti yake haikuwa ya fundi. "Hili uliliweka wewe?"

Isale si kitu cha kuchezea. Nilijua nitachapwa, na nilijua kwamba kuchapwa kungekuwa haki. Baba alilitazama jani. Kisha akanitazama mimi, na sikuwahi kabla wala baada ya siku ile kutazamwa hivyo na mtu.

"Nini?" Bibi akauliza. "Mbona mmenyamaza? Mae, unaona nini?"

Ilikuwa kazi yangu. Nikamwambia, "Bibi, Baba Mdogo ameshika isale. Ilikuwa nyuma ya redio."

"Ina fundo?"

"Ina fundo."

"Basi," Bibi akasema, akafumba macho yale yasiyoona.

Baba alivua kofia yake. Aliishika kwa mikono yote miwili, mbele ya tumbo, kama wanaume wanavyofanya kaburini.

"Nimechelewa kuileta kwa mkono," akasema.

Baba Mdogo aligeuzageuza jani. "Imekauka. Ina muda humu."

"Ina muda. Nilipaswa kukuita kabla sijashika jembe. Kahawa ile ilikuwa ya mzee wetu sote."

Upande wa pili wa karakana mtu alikuwa anagonga chuma, akaacha. Baba Mdogo aliliweka jani kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo.

"Na mimi nilipaswa kula mtori wa shemeji ndipo niondoke," akasema. "Niliacha mkate juu ya jiwe kama mwendawazimu."

"Mkate tuliula," Baba akasema. "Ulikuwa mzuri."

Hapo wakaanza kucheka, wote wawili, kicheko kibaya chenye kukwaruza, cha watu waliosahau namna ya kucheka pamoja. Baba Mdogo aliweka mkono begani kwa kaka yake akauacha pale. Kisha akasema, "Haya, njoo uone walichokufanyia Himo," wakainama wote wawili chini ya dashibodi, vichwa vimegusana, makalio nje, na Bibi akaniuliza tena naona nini, nikamwambia, naye akacheka mpaka akakohoa.

Maelezo ya Baba Mdogo nayakumbuka neno kwa neno, kwa sababu aliyatoa kwa mama yake, kwa sauti ya kumfikia dirishani. Umeme, alisema, ukitoka lazima urudi. Unatoka kwenye betri, unafanya kazi, unarudi kupitia bodi ya gari, yaani chuma chenyewe. Fundi wa Himo alikuwa ameufunga waya wa kurudia kwa skrubu juu ya chuma kilichopakwa rangi.

"Kwa macho umeshika vizuri, mama. Lakini chini ya skrubu kuna rangi, na chini ya rangi kuna kutu. Chuma hakijagusa chuma."

"Kwa hiyo umeme haurudi?"

"Unarudi, ila kwa shida, kwa kupita njia za wengine. Ni kama maji ya mfereji. Ukimzibia mtu mkondo wake, maji yatapita shambani kwa jirani. Sasa kelele za alteneta, ile mashine ya kuzalisha umeme pale kwenye injini, zinapita mle mle unamopita wimbo. Injini ikienda mbio nazo zinazidi."

"Basi kwangua," Bibi akasema.

Akakwangua. Alichukua kipande cha msasa, akasugua mahali pamoja chini ya dashibodi mpaka chuma kikawa cheupe, king'avu kama sarafu mpya. Aliniita nikiguse, kilikuwa cha moto kwa kusuguliwa. Akafunga waya pale kwa bolti na kuikaza. Waya uliokuwa unaleta umeme, ambao fundi wa Himo aliuchukua katikati ya nyaya za injini, akaukata, akautoa upya moja kwa moja kutoka kwenye betri, na kuupitisha mbali na nyaya za spika. "Wanaogombana usiwalaze kitanda kimoja," akamwambia Baba, wakacheka tena. Mwisho akafunga kwenye alteneta kidude kidogo kama kidole gumba, cha kumeza kelele inayobaki, akachomelea miguu ya kidude hicho kwa risasi. Moshi ukapanda. Baba alikuwa anamshikia waya, na moshi uliwapita wote wawili usoni, wala hakuna aliyegeuza kichwa.

"Washa."

Baba akawasha injini. Akakanyaga mafuta mpaka gari likatetemeka. Kwaya iliimba, sauti nne, na chini yake palikuwa kimya kama kanisani kabla ya baraka. Bibi alinyanyua kidole, akahesabu, soprano, alto, tena, besi.

"Wa tano ameondoka," akasema. Kisha, kwa sauti iliyokwaruza na kutafuta njia, akaanza kuimba sauti ya pili ya wimbo ambao hakuwahi kuusoma. Wanawe walisimama mlangoni wakimsikiliza. Ubeti wa pili Baba Mdogo akaingia na besi.

Krismasi sitaisimulia kwa urefu. Baba Mdogo alipanda na mkate, na Bibi akaishusha ile nyama nyeusi, akailoweka, akaichemsha kwa ndizi siku nzima, na alimlazimisha aile yote, ngumu vile vile, sisi tukimtazama. "Inauma meno, mama." "Kula." Baada ya hapo Mungu alimpa Bibi jicho moja, na kwa jicho lile aliona wajukuu wengine wawili.

Jambo moja limenisumbua katika miaka yangu. Mimi ni mzee wa kanisa sasa, na nimekaa katika mabaraza mengi kusikiliza ndugu waliokosana, na mara nyingi nimejiuliza kama Baba alisema uongo siku ile. Nimeyarudia maneno yake kwa sala. Aliulizwa kama ni yeye aliyeliweka jani, naye akasema amechelewa kuileta isale kwa mkono. Alikuwa amechelewa kweli. Nimeona watu wengi wakiletewa msamaha mlangoni na mikono ambayo si yao, ya mtoto, ya mgonjwa, ya jirani asiye na maana, nao wakaukataa kwa sababu hawakuwa wameutuma. Baba aliupokea, akaufanya wa kwake, akavua kofia.

Lakini ninachokishika zaidi ni jioni ya siku ile ile. Tulipofika nyumbani, Mama alimwongoza Bibi ndani. Mimi nilibaki kwenye siti, nikisubiri kuchapwa, nikitumaini kwamba Baba amesahau. Nilimwona akienda mpaka kwenye kaburi la Babu. Akachagua, akakata jani la isale, bichi, refu, akalifunga fundo. Akaja upande wangu, akafungua mlango, akachutama ili uso wake uwe sawa na wangu.

"Nilikopa lako," akasema. "Nakurudishia."

Hakuna mtu mzima anayempa mtoto isale. Sikuwa nimeona wala kusikia. Nililipokea kwa mikono miwili, kama nilivyoona watu wakilipokea, na kwa kuwa isale haikataliwi, na kwa kuwa nilijua vizuri kabisa limetoka kwa nani, yaani kwa gari lililokuwa limelikataa langu, nikamwambia: "Nimelisamehe gari, Baba. Na lenyewe limetusamehe."

Baba alicheka mpaka akashika mlango. Alipomaliza, alikuwa anajifuta macho kwa kofia, anajifuta tena. Nilidhani ni vumbi la barabara. Mvua ilikuwa imenyesha mlimani tangu asubuhi.